Adhabu Isiyoadhibu

Neno "adhabu" limetuponza walimu na wazazi wengi, na mimi nimo. Tukilisikia tunaona fimbo, kupiga magoti, kufyeka majani, kuokota takataka kwenye jua la saa saba. Yaani tunamwangalia mwadhibu na kile alichokusudia. Lakini ipo taaluma inayoitwa uchambuzi tumizi wa tabia, ambayo wazazi wengi wa watoto wenye usonji wanaifahamu kwa herufi tatu tu za jina lake la Kiingereza (Applied Behavior Analysis), ABA, na huko neno hilohilo lina maana nyingine kabisa. Adhabu ni jambo lolote linalofuata tabia na kuifanya ipungue siku za mbele. Kama tabia haikupungua, hapakuwa na adhabu, hata kama mtoto ametoka na alama mgongoni.

Nafundisha kitengo cha elimu maalumu hapa Morogoro. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na mtoto wa miaka saba ambaye nitamwita Baraka. Haongei, ila anasikia vizuri na anaelewa mengi. Kila tulipofungua daftari la kuunganisha nukta, Baraka alijing'ata mkono, pale kwenye nyama chini ya dole gumba, hadi pakaota sugu nyeusi. Na kila alipojing'ata, mmoja wetu alipaza sauti: "Toka nje!" Baraka alitoka, akaenda kukaa chini ya mwarobaini, akawa anachuja mchanga kwa vidole. Tuliiita adhabu, tukaiandika hivyo hata kwenye taarifa tuliyompa mama yake. Mwanzoni alikuwa anajing'ata katikati ya kipindi. Baada ya muda akawa anajing'ata daftari likifunguliwa. Mwishowe alijing'ata akimwona tu mwalimu anaelekea kabatini.

Kumbe tulikuwa tunamlipa. Daftari lilikuwa mzigo, chini ya mwarobaini palikuwa na kivuli na mchanga laini, na nauli ya kutoka kwenye mzigo hadi kivulini ilikuwa kujing'ata mkono. Mtoto alilipa nauli, akasafiri.

Kwa lugha ya taaluma, tulichokuwa tunafanya kinaitwa uimarishaji. Kiimarishi ni chochote kinachofuata tabia na kuifanya ijirudie zaidi. Uko uimarishaji chanya na uko hasi, na hapa ndipo walimu wanafunzi wanaokuja kwetu mazoezini hupotea karibu wote. Chanya maana yake kitu kimeongezwa. Hasi maana yake kitu kimeondolewa. Ni kujumlisha na kutoa, kama hesabu za darasa la kwanza, hakuna uzuri wala ubaya ndani yake. Ila kwa kuwa "hasi" masikioni mwetu linanuka ubaya, wengi huniambia uimarishaji hasi ni viboko. Chukua chandarua. Usiku mbu wanakulilia sikioni, unashusha chandarua, kelele zinakatika. Kesho yake unakishusha mapema zaidi. Hakuna aliyekupa zawadi. Kero imeondoka, na kuondoka kwake kumeuimarisha mkono wako. Huo ndio uimarishaji hasi, na ndio uliokuwa unayaendesha meno ya Baraka.

Jack Michael, mchambuzi wa Kimarekani, aliandika mwaka 1975 akihoji kama tofauti ya chanya na hasi inahitajika kweli, maana mara nyingi huwezi kusema kama mtu anakimbia baridi au anafuata joto. Hoja yake ina nguvu. Lakini kwa mwalimu aliye mbele ya darasa, swali la "anakimbia nini?" lina faida kubwa mno, siwezi kuliacha.

Neno la pili linalotusumbua ni "tabia" lenyewe. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku tabia ni mwenendo wa mtu, karibu sawa na utu wake. "Yule hana tabia," tunasema, kana kwamba tabia ni mali ambayo wengine wamenyimwa. Ukiniletea mtoto ukaniambia ni mkaidi, mvivu, ana jeuri, bado hujaniambia anafanya nini. Analaza kichwa juu ya dawati? Anatupa penseli? Mara ngapi, baada ya kutokea nini, nani akiwepo? Taaluma hii inataka kile kinachoonekana na kuhesabika, na wahenga hawakuwa mbali nayo waliposema muungwana ni vitendo. Ukaidi haunipi pa kuanzia. Kutupa penseli baada ya kupewa hesabu ya kutoa kunanipa.

Ndiyo sababu wachambuzi hugawa tukio sehemu tatu: kitangulizi, tabia, matokeo. Kilitokea nini kabla, mtoto alifanya nini, kikafuata nini. Daftari, meno, mwarobaini. Ukichora mistari miwili wima kwenye karatasi na kujaza safu tatu hizo kwa juma moja, mara nyingi utaona jambo ambalo mwaka mzima wa kugombeza haukukuonyesha.

Ogden Lindsley, aliyekuwa mwanafunzi wa mwanasaikolojia wa Kimarekani B. F. Skinner pale Chuo Kikuu cha Harvard, miaka ya 1960 alitoa kipimo ambacho nakitumia kila wiki: kama maiti anaweza kulifanya jambo, basi jambo hilo si tabia. Kukaa kimya, maiti anaweza. Kutosumbua wenzake, anaweza. Kutotoka kwenye kiti, hakuna wa kumshinda. Sasa soma malengo tunayoyaandika kwenye taarifa za watoto wetu: atulie, asipige kelele, asizurure. Tunamwandikia mtoto aliye hai malengo ya mtu aliyekufa. Na ugonjwa huu si wa Tanzania peke yake. Mwaka 1972 Richard Winett na Robin Winkler walichapisha, kwenye jarida la taaluma hiihii, uhakiki wa tafiti za darasani za wakati huo. Walichokikuta ni kwamba ujuzi mwingi ulikuwa unatumika kuwafanya watoto watulie, wanyamaze na watii, na kidogo sana kuwafundisha kitu.

Jarida lenyewe lilikuwa changa, lilianza mwaka 1968. Mizizi ya taaluma ni mirefu zaidi: Edward Thorndike na paka wake waliofungiwa kwenye visanduku, mwaka 1898, Skinner na panya wake miaka ya 1930. Ila mwaka huo wa 1968 ndipo Donald Baer, Montrose Wolf na Todd Risley wa Chuo Kikuu cha Kansas walipoandika ni kitu gani kinaufanya uchambuzi wa tabia uitwe tumizi. Jibu lao la kwanza ndilo ninalolishikilia: tabia inayoshughulikiwa lazima iwe na uzito kwa mhusika na jamii yake. Haitoshi iwe rahisi kuhesabu, wala haitoshi iwe inamkera mwalimu.

Sisi wa Morogoro hatuhitaji kwenda Kansas kuona maneno haya yakifanya kazi. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, lenye asili ya Ubelgiji, limeweka makao yake kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, likiwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Watu wengi mjini wanawafahamu panya hao kama maajabu. Mimi nawaangalia kama darasa lililopangwa vizuri kuliko langu.

Mwanzo kabisa panya mchanga husikia klik ya kidude kidogo, kisha hupewa chakula, ndizi na karanga. Klik hiyo haina maana yoyote kwake. Ikirudiwarudiwa pamoja na chakula hupata thamani yake yenyewe, kama noti ya shilingi elfu kumi, ambayo kwa mtoto wa miezi sita ni karatasi tu ya kutafuna. Sasa mwalimu ana namna ya kumwambia panya "hapo hapo, umepatia" kwa kasi ambayo mkono wenye ndizi hauwezi. Kisha panya huwekwa mbele ya tundu lenye harufu ya baruti. Akisogeza pua, klik. Siku nyingine kusogeza tu hakutoshi, anatakiwa aibakize pua hapo kidogo. Halafu zaidi kidogo. Huku ndiko kufinyanga tabia, na ni neno ninalolipenda, kwa sababu mfinyanzi haanzi na chungu kizima. Anaanza na bonge, akilisifu kila linapoelekea umbo.

Baadaye huletwa matundu yasiyo na baruti, na huko panya akiganda hapati kitu. Anajifunza kubagua: harufu hii inalipa, ile hailipi. Akikosea, haji mtu na fimbo. Klik haisikiki, basi, kazi inaendelea. Mnyama anayefundishwa hivyo hupekua eneo lenye ukubwa wa uwanja wa tenisi kwa nusu saa hivi, kazi ambayo mtu mwenye kifaa cha kugundua chuma anaweza kuichukulia siku hadi nne. Msumbiji, ambako panya hao walifanya kazi miaka mingi pamoja na mashirika mengine, ilitangazwa kuwa haina tena mabomu ya ardhini mwaka 2015. Panya mmoja, Magawa, aliyezaliwa Tanzania akaenda kufanya kazi Kambodia, alinusa mabomu na silaha zaidi ya 100, akapewa medali ya dhahabu ya ushujaa huko Uingereza mwaka 2020.

Kuna kipengele kimoja cha kazi hiyo ambacho kila mwalimu angefaa akitafakari. Kwenye uwanja wa mabomu wa kweli hakuna anayejua bomu liko wapi. Panya akikwaruza udongo, huwezi kumpa ndizi papo hapo, kwa kuwa hujui kama amepatia au amekosea. Na tabia ambayo haimletei mwenyewe chochote hufifia, hata iwe imefundishwa kwa miezi tisa. Wachambuzi huita hali hiyo kufifisha. Kwa hiyo panya hurudishwa kwenye viwanja vya mazoezi, ambako jibu linajulikana, ili alipwe na ujuzi usiyeyuke. Kwenye makohozi hufanywa kitu kinachofanana: panya hulipwa kwa sampuli ambazo hospitali ilikwishathibitisha, na zile nyingine zilizochanganywa nazo huandikwa tu, kisha maabara huhakiki. Alan Poling wa Chuo Kikuu cha Western Michigan na wenzake waliieleza kazi ya mabomu mwaka 2011, kwenye jarida lilelile la mwaka 1968. Nilipoisoma nilijiuliza ni mara ngapi nimemfundisha mtoto kusema "naomba", akasema, nikaendelea na shughuli zangu bila kumpa alichoomba. Halafu mwezi unaofuata nalalamika kuwa amesahau.

Turudi kwenye fimbo. Kanuni za mwaka 2002 za Tanzania Bara zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini naye kwa maandishi, na kila tukio liandikwe kitabuni. Kenya walivifuta shuleni mwaka 2001. Mjadala wetu kuhusu jambo hili huendeshwa kwa mila na haki: wengine wanasema tulichapwa tukawa watu, wengine wanasema ni ukatili. Mimi niko upande wa wanaosema ni ukatili. Lakini hebu tuiache haki kando dakika moja, tuulize swali la mchambuzi. Fungua kitabu cha adhabu cha shule yoyote inayokijaza kwa uaminifu, usome majina. Kama majina ni yaleyale muhula baada ya muhula, kwa makosa yaleyale, kitabu chenyewe kimeshatoa jibu: hapajafanyika adhabu. Pamefanyika maumivu.

Sisemi kwamba maumivu hayakatizi tabia kamwe. Yanakatiza, hasa yakiwa makali na ya papo hapo, na hasa mchapaji akiwepo. Tafiti za maabara zimelionyesha hilo tangu miaka ya 1960, zikaonyesha pia gharama yake: mwenye kuumizwa hujifunza kumkwepa anayemuumiza, na mahali anapoumizwa, na kila kinachofanana na mahali hapo. Paka akiondoka, panya hutawala. Na kiboko hakimfundishi mtoto afanye nini badala yake. Panya wa Sokoine anaonyeshwa kwa klik kitu cha kufanya. Mwanafunzi aliyechapwa kwa kupiga kelele anabaki akijua tu kwamba amechapwa.

Kwa nini basi fimbo inadumu, wakati wanaoishika ni watu wenye akili na wanaowapenda watoto? Jibu lipo kwenye chandarua. Darasa la wanafunzi tisini linavuma, kichwa kinagonga, mwalimu ananyanyua fimbo, anachapa wawili. Kimya. Kile kimya cha dakika tatu ni kero iliyoondoka. Huo ni uimarishaji hasi, na aliyeimarishwa ni mwalimu. Kila kiboko kinamfundisha mchapaji kuchapa tena, wakati huohuo takwimu za mtoto hazisogei. Tulipomtoa Baraka nje hatukuwa na fimbo, lakini tulikuwa tumenaswa kwenye mtego uleule: alipotoka, kipindi kilitulia, nasi tukazidi kumtoa. Yeye alitulipa kwa utulivu, sisi tulimlipa kwa kivuli. Nadhani hili ndilo jambo muhimu kuliko yote ambayo taaluma hii imenifundisha, kwamba ninapomchunguza mtoto natakiwa niandike na safu yangu mimi.

Lililotufungua macho ni kujua kwamba kila tabia ina kazi inayoifanya. Mwaka 1982 Brian Iwata na wenzake, huko Baltimore, walichapisha utafiti kuhusu watoto na vijana tisa waliokuwa wakijiumiza. Badala ya kuuliza wawazuie vipi, walitengeneza mazingira mafupi tofauti, wakaangalia mtoto anajiumiza zaidi kwenye yapi: anapopewa kazi ngumu na kupumzishwa kazi hiyo akijiumiza, anapoangaliwa na kubembelezwa akijiumiza, anapokuwa peke yake, au anapocheza bila kudaiwa chochote. Watoto hawakufanana. Kitendo kilekile kwa huyu kilikuwa njia ya kukwepa kazi, kwa yule kilikuwa njia ya kuita watu. Leo wachambuzi hutaja kazi nne: kupata macho ya watu, kupata kitu, kukwepa jambo, au hisia ambayo mwili wenyewe unaipata. Na kabla ya hizo nne, angalia jino, angalia sikio, angalia tumbo. Mtoto asiyeongea akianza ghafla kujipiga kichwa, aanzie kwa daktari kabla hajafikishwa kwa mchambuzi.

Ukikosea kazi, utakosea dawa. Ushauri unaotolewa sana ni "mpuuze, ataacha". Kwa mtoto anayelilia biskuti mbele ya duka, ushauri huo unaweza kufaa, ingawa mama aelezwe mapema kuwa kilio kitapanda juu kabla hakijashuka. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Tena akishaamua asikatike njiani: anayevumilia kilio dakika kumi kisha akatoa biskuti amefundisha kulia dakika kumi. Anayetoa leo, kesho hatoi, keshokutwa anatoa, amefundisha kitu kigumu zaidi kuking'oa, kwa sababu malipo ya kubahatisha ndiyo yanayowashikilia vijana kwenye mikeka ya kubeti wiki nzima huku wakiliwa. Lakini kwa mtoto kama Baraka, kumpuuza ni nini? Akijing'ata ukamgeuzia mgongo, daftari limesogea mbali, amepata alichotaka. Na tungemlazimisha aendelee na daftari huku anatafuna mkono, tungekuwa tumeshinda vita ambavyo havikuwa na maana.

Edward Carr na Mark Durand walionyesha njia ya tatu mwaka 1985. Kama tabia inafanya kazi ya kuomba, mfundishe mtoto namna nyingine ya kuomba kitu kilekile, iliyo rahisi zaidi, na ukubali kumpa. Mwalimu mwenzangu alikata kipande cha boksi la sabuni, akachora mti kwa kalamu ya kijani. Tulikibandika kwenye ukingo wa dawati la Baraka. Tulifungua daftari, na kabla mkono haujafika mdomoni, mmoja wetu akiwa nyuma yake aliushika taratibu, akauelekeza kwenye kadi, kadi ikafika mkononi mwangu. Nikasema, "Unataka kupumzika. Haya, nenda." Akatoka. Siku ile ya kwanza alileta kadi kila alipoona daftari, na mwenzangu alishika kiuno: "Madam, sasa hasomi kabisa!" Ilikuwa kweli. Hakusoma. Lakini hakujing'ata pia, na sugu ile kwa mara ya kwanza ilibaki kavu kutwa nzima.

Mkono wa nyuma tuliuondoa kidogo kidogo, kutoka kushika kiwiko, hadi kugusa bega, hadi kutoguswa kabisa. Kisha tukaanza kusogeza kivuli: unganisha nukta mbili, ndipo kadi ifanye kazi. Baadaye tano. Baadaye mstari. Ilichukua muhula na nusu, na yapo majuma tuliyorudi nyuma kwa sababu tulikuwa na haraka. Mtu akikuambia kazi hii ni ya siku kumi, usimwachie mwanao.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma, kwa sababu nisingependa mzazi asome haya akadhani ABA ni jina safi lisilo na historia. Ole Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichapisha mwaka 1987 matokeo yaliyoitangaza taaluma hii dunia nzima: watoto 19 wenye usonji walifundishwa takriban saa 40 kwa wiki kwa miaka miwili au zaidi, na 9 kati yao walifikia, kwa vipimo vyake, kiwango cha watoto wengine. Wazazi wengi husimuliwa hadi hapo. Hawaambiwi kwamba katika njia zilizotumika kulikuwa na kukaripiwa kwa sauti kubwa na kuchapwa kofi pajani. Katika jimbo la Massachusetts kituo kimoja, Judge Rotenberg Center, kimewatia watu wenye ulemavu shoti za umeme kwenye ngozi kwa miaka mingi kwa jina la taaluma hii. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipiga marufuku vifaa hivyo mwaka 2020, mahakama ikaitengua marufuku hiyo mwaka 2021, na chama cha kimataifa cha wachambuzi wa tabia kilitoa tamko la kupinga umeme huo mwaka 2022. Mwaka 2022! Chama cha watu wanaosomea athari za matokeo kwenye tabia kilihitaji muda wote huo kusema kwamba binadamu asitiwe umeme.

Watu wazima wenye usonji, waliopitia mikononi mwa wachambuzi wakiwa wadogo, wamesema mengi, nami nawasikiliza kuliko ninavyosikiliza vitabu. Wanasema walilazimishwa kuangalia watu machoni ilhali macho ya watu yanawachoma. Walizuiwa kupepea mikono, na kupepea mikono ndiko kulikokuwa kunawatuliza. Walifundishwa kuficha, wakachoka. Malalamiko haya yanagonga palepale pa Kansas: tabia ile ilikuwa na uzito kwa nani? Montrose Wolf aliliona pengo hilo mapema. Mwaka 1978 aliandika kuwa haitoshi kuhesabu, lazima kuwauliza wahusika kama malengo ni ya maana kwao, kama njia zinakubalika, kama matokeo yamewaridhisha. Namba peke yake haiwezi kujibu maswali hayo matatu.

Mama Baraka alinijia siku moja baada ya kengele ya kutoka. "Mwalimu, mkono mmemsaidia, Mungu awabariki. Sasa mnisaidie na hili la kupepea. Kwenye daladala watu wanatuangalia." Nilimuuliza anapepea wakati gani. Akafikiri. "Akifurahi. Akiona treni." Nikamuuliza, "Mama Baraka, anajiumiza?" Hapana. "Anashindwa kula, kulala, kucheza kwa sababu ya kupepea?" Hapana. Tulikaa kimya. Nilimwambia kwamba uwezo wa kuiondoa furaha ile mikononi mwa mtoto huenda tunao, ila sitaugusa, na kama kuna tabia ya kubadilishwa hapo ni ya abiria. Hakufurahi siku ile, na simlaumu. Anayebeba macho ya watu kwenye daladala ni yeye, mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha ofisini.

Kati ya sifa ambazo watu wa Kansas walizitaja mwaka 1968, ya mwisho ni kusambaa: ujuzi uliofundishwa sehemu moja uonekane na sehemu nyingine, kwa watu wengine, muda mrefu baadaye. Sisi tulikuwa hatujapanga lolote kuhusu hilo. Kadi ya mti ilikuwa ya darasani tu, mpaka Mama Baraka alipoomba achorewe ya pili ya kukaa kwenye mkoba wake.

Wiki chache baadaye alimpeleka Baraka kunyolewa. Mashine ilipowashwa, ikalia karibu na sikio, mtoto alianza kutetemeka, mama akajiandaa kumshika mikono kama siku zote. Baraka aliingiza mkono kwenye mkoba wa mama yake, akapekua, akatoa kile kipande cha boksi, akampa kinyozi. Kinyozi alikigeuza pande zote mbili. "Hii nini, mama?" Mama akamweleza. Kijana yule akazima mashine, akafungua pazia la mlango, akamwonyesha benchi la nje. Baraka alikaa huko, akarudi mwenyewe, akanyolewa upande mmoja, akatoa kadi tena. Nywele zile zilimalizika kwa awamu tatu, na wateja wawili waliokuwa kwenye foleni walisubiri.